Nyumba ya Sulemani Ilivyoanguka Addis Ababa

Ibada zetu za Jumatano zimekuwa katika 1 Wafalme, na tulipofika sura ya 12, pale makabila kumi yanapomwacha Rehoboamu mwana wa Sulemani, maswali yalikuwa mengi kuliko muda. Ndugu mmoja wa idara ya vijana aliuliza: ufalme ambao Sulemani aliushika miaka arobaini unawezaje kupasuka kwa mkutano mmoja pale Shekemu? Jibu fupi ni kwamba haukupasuka siku ile. Siku ile watu walitamka tu kitu ambacho migongo yao ilikuwa imekibeba muda mrefu.

Jibu refu nimeliweka hapa, na nimelitafutia mfano wa karibu. Si Ufaransa wala Urusi, ambazo wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Ni jirani yetu hapo juu tu ya Moyale, Ethiopia, mwaka 1974. Nimeichagua pia kwa sababu wafalme wa Ethiopia walidai kutoka nyumba hiyo hiyo. Katiba yao ya 1955 iliandika wazi kwamba ukoo wa kifalme unashuka kutoka kwa Menelik wa Kwanza, mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba. Kwa hesabu hiyo, Menelik na Rehoboamu ni ndugu wa baba mmoja.

Kwanza tumtendee haki mzee mwenyewe. Ukishuka pale Haile Selassie Avenue mjini Nairobi unatembea juu ya jina lake, na halikuwekwa pale bure. Haile Selassie alitawazwa mwaka 1930. Waitaliano wa Mussolini walipovamia nchi yake, mwaka 1936 alisimama Geneva mbele ya mataifa akawaambia uso kwa uso kwamba wamemwacha peke yake. Alirudi mwaka 1941. Mwaka 1963 viongozi wa Afrika walikutana kwake Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Alijenga shule. Alitoa hata kasri lake moja, Genete Leul, likawa chuo kikuu. Wazee wetu walimheshimu, na walikuwa na sababu.

Kwa hiyo anayesema mapinduzi yale yalikuja kwa sababu mfalme alikuwa mtu mbaya tu, hajaeleza chochote. Wafalme wabaya wamekaa vitini hadi wakafa kwa uzee. Swali ni nini kilichofanya huyu, mwenye sifa zote hizo, aondolewe akiwa na miaka 82 na barabara zisiinuke kumtetea.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hiyo mnivumilie nikianza na hesabu ya shamba.

Kusini mwa Ethiopia, ardhi kubwa ilichukuliwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa Menelik wa Pili, ikagawiwa askari, wakubwa na Kanisa la Orthodox. Waliokuwa wakiilima tangu babu zao wakaamka wapangaji kwenye shamba lao wenyewe. Mpangaji alimpa mwenye ardhi theluthi ya mavuno, mara nyingi nusu. Juu ya hapo kulikuwa na asrat. Hilo neno maana yake ni fungu la kumi, lakini msichanganye na lile tunaloleta madhabahuni kwa hiari. Hii ilikuwa kodi ya serikali, na wenye ardhi waliitupia kwa mpangaji.

Sasa chukua magunia kumi. Moja limeenda na asrat. Yanabaki tisa, na nusu yake ni ya mwenye shamba. Umebaki na manne na nusu. Toa mbegu ya msimu ujao. Toa deni la msimu uliopita. Ongeza siku za kulima bure kwenye shamba la bwana, na zawadi za sikukuu ambazo hakuna sheria iliyozidai lakini ole wako ukifika mikono mitupu. Mkataba wa maandishi haukuwepo kwa wengi, kwa hiyo kufukuzwa kulikuwa neno moja tu.

Kumbe hata maendeleo yaligeuka hasara. Huko Chilalo, jimbo la Arsi, kulikuwa na mradi wa kilimo uliosaidiwa na Sweden kuanzia 1967. Ulileta mbolea na mbegu bora, na mavuno yakapanda kweli. Wenye ardhi walipoona shamba linaanza kulipa, wengi waliwafukuza wapangaji, wakaleta trakta, wakalima wenyewe. Mtu aliyefundishwa kulima vizuri akapoteza mahali pa kulima kwa sababu amelima vizuri. Mimi nikisoma habari hii huwa naweka kitabu chini kidogo.

Wanafunzi wa chuo kikuu, kile kile cha kasri la mfalme, waliandamana mwaka 1965 wakidai ardhi iwe ya anayeilima. Mswada wa kurekebisha mambo ya wapangaji ulipelekwa bungeni. Ukakaa. Bunge lilikuwepo, na tangu 1957 kulikuwa na uchaguzi, lakini hapakuwa na vyama, na waliokaa mle ndani wengi walikuwa wenye ardhi. Ni kama kuwaomba wenye nyumba wa mtaa wako wakae kamati wapunguze kodi ya nyumba. Mwaka baada ya mwaka mswada ulizungushwa, na hakuna aliyeweza kusema ni nani hasa ameuzuia.

Hapo ndipo kilipokuja kiangazi cha Wollo.

Wollo ni jimbo la kaskazini-mashariki, na barabara kuu ya kutoka Addis Ababa kwenda Asmara inapita katikati yake. Mvua zilikosekana mwaka 1972 na 1973. Walioumia kwanza ni wafugaji wa Afar, ambao malisho yao bora kando ya mto Awash yalikuwa yameshachukuliwa na mashamba ya pamba na miwa, na baada yao wakulima wadogo na wapangaji. Watu walikufa makumi ya maelfu. Makadirio mengine yanafika 200,000. Wengine walikaa kando ya ile barabara wakisimamisha mabasi na magari kuomba mkate. Yaani njaa haikuwa imejificha msituni. Ilikuwa imekaa barabarani.

Sehemu inayofuata naomba msome polepole, na hasa nyinyi wenye biashara sokoni. Mwanauchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alichunguza njaa hii akakuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka ule Ethiopia kwa jumla haikukosa chakula kwa kiasi cha kuua watu namna ile. Mavuno ya nchi nzima yalipungua kidogo tu. Na pale Dessie, mji mkuu wa Wollo, bei ya nafaka haikupanda sana. Tungetegemea iruke mara tatu au nne, si ndiyo? Haikuruka, kwa sababu bei hupandishwa na mnunuzi mwenye pesa mkononi. Mkulima ambaye shamba limekauka hana cha kuuza, na asiye na cha kuuza hana cha kununulia. Soko halimwoni kabisa. Chakula kingine hata kilitoka Wollo kikaenda mijini, kule waliko wenye pesa. Mfugaji naye aliuza ng'ombe wakati kila mtu anauza ng'ombe, akapewa bei ya mbuzi. Ndugu zetu wa Marsabit na Wajir wanaijua hesabu hiyo bila kufundishwa na mimi.

Kwa hiyo unaweza kuwa na magunia kwenye ghala la mji na maiti kwenye barabara ya mji huo huo. Mvua ilichangia, lakini kilichoua kwa wingi ni kwamba mtu wa Wollo hakuwa na haki juu ya chakula kile. Hakuwa na ardhi iliyo yake, wala akiba, wala mwakilishi wa kumsemea. Mavuno yalipokosekana mara mbili, hapakuwa na kitu cha kumzuia asianguke.

Na wakubwa walijua? Walijua. Wahadhiri wa chuo kikuu walienda Wollo mwaka 1973, wakapiga picha, wakarudi wakazionyesha. Polisi wakaingilia. Kuna wakulima waliotembea kuelekea Addis Ababa kutafuta msaada wakarudishwa njiani. Serikali ilihofia jina la nchi, na hata mashirika ya nje yaliyokuwa na habari yalinyamaza ili yasimkosee mwenyeji. Oktoba 1973 mwandishi wa habari wa Uingereza, Jonathan Dimbleby, akaonyesha filamu ya njaa ile kwenye televisheni ya kwao. Kwa hiyo watu wa London walioneshwa maiti za Wollo kwenye televisheni karibu mwaka mzima kabla ya watu wa Addis Ababa.

Hapa ndipo naona kiini cha jambo lote, na si kila mwalimu wa historia atakubaliana nami. Umaskini ulikuwepo miaka mia. Njaa zilishapita nyingine kabla ya hiyo. Kilichouangusha ufalme ni kwamba ulikuwa umeziba kila mlango ambao habari mbaya ingeweza kupitia kwenda juu. Katiba ile ile ya 1955 ilisema kwamba kwa damu yake ya kifalme na kwa upako alioupokea, nafsi ya mfalme ni takatifu. Soma tena hiyo sentensi, wewe uliyekulia kwenye makanisa yetu. Kumkosoa ilikuwa ni kumgusa mpakwa mafuta. Basi nani atamwambia kwamba watu wanakufa? Waziri anayetaka kubaki waziri? Gavana? Kila mtu alipeleka juu habari njema. Rehoboamu angalau aliwauliza wazee, na wazee walimwambia ukweli. Kosa lake ni kuuacha. Addis Ababa wazee wenyewe walishajifunza kunyamaza.

Neno hilo la upako linatumika hivyo hata leo, na si Ethiopia. Mtunza hazina akiuliza risiti anaambiwa asimguse mtumishi. Nimelisema, na mchungaji wetu kiongozi amelisoma kabla halijachapishwa.

Tuje sasa mwaka 1974 wenyewe, maana kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio.

Januari 12, kambi ya jeshi ya Negele Borana, kusini, katika nchi ya Waborana ambao baadhi ya ndugu zao wako huku kwetu Kenya. Pampu ya maji ya askari wa kawaida iliharibika. Maafisa walikuwa na kisima chao, wakakataa askari wasikitumie. Chakula nacho kilikuwa kibovu. Askari wakamkamata mkuu wao. Mfalme akamtuma jenerali kutoka Addis Ababa kutuliza mambo. Wakamshika naye, wakamlisha kile wanachokula na kumnywesha kile wanachokunywa. Akaugua. Naona hakuna ripoti ya maandishi ambayo ingefikisha ujumbe ule vizuri zaidi.

Hawakuadhibiwa. Kambi nyingine zikaona. Februari waliasi wanahewa wa Debre Zeit, na kufikia mwisho wa mwezi jeshi la Asmara.

Wakati huo huo, vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta duniani. Serikali ya Ethiopia ikapandisha petroli kwa karibu nusu. Wenye teksi wa Addis Ababa wakaambiwa wasipandishe nauli. Hebu mwambie dereva wa matatu habari kama hiyo! Februari 18 walisimamisha magari. Siku hiyo hiyo walimu waligoma, kwa ajili ya mishahara na kwa ajili ya mpango mpya wa elimu ambao wazazi waliona utawafungia watoto wa maskini nje ya sekondari. Wanafunzi wakajaa barabarani.

Serikali ikalegeza. Bei ikapunguzwa, mpango wa elimu ukawekwa kando, askari wakaongezewa mshahara. Mwisho wa Februari waziri mkuu Aklilu Habte-Wold, aliyekaa madarakani miaka kumi na mitatu, akajiuzulu pamoja na baraza lake, na Endalkachew Makonnen akachukua nafasi. Katiba mpya ikaahidiwa.

Kuna watu husema kama mfalme angekaza mkono angepona, wengine wanasema angelegeza zaidi. Mimi naona alikuwa amechelewa kwa yote mawili. Mtu ambaye hajawahi kusikilizwa miaka arobaini, akisikilizwa siku aliyopiga kelele, amefundishwa nini? Amefundishwa kupiga kelele. Machi wafanyakazi waligoma nchi nzima kwa siku nne, jambo ambalo halijawahi kutokea pale. Aprili 20 Waislamu wa Addis Ababa na wenzao waliandamana kwa wingi mkubwa wakidai haki sawa katika nchi ambayo dini ya taifa ilikuwa ya watu wengine. Hata makasisi wa Orthodox wa ngazi ya chini walisimama kudai mishahara.

Juu ya hayo yote hapakuwa na mrithi wa kueleweka. Mwana wa mfalme alikuwa amepata kiharusi mwaka 1973 na yuko Ulaya akitibiwa. Wakubwa waliokuwa wakisubiri mzee aende walikuwa wakiviziana wao kwa wao. Mwezi Juni askari wa vyeo vya chini na vya kati kutoka vikosi mbalimbali wakakusanyika, kama watu 120, wakajiita kamati. Kwa Kiamhara kamati ni Derg. Waliwakamata mawaziri na wakuu mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, huku wakiapa utii kwa mfalme. Kila aliyekamatwa, mfalme alibaki na mtu mmoja pungufu, hadi akabaki peke yake kwenye kasri.

Nisipite bila kusema la Kanisa, maana hapa ndipo tunapohusika. Kanisa la Orthodox lilikuwa na ardhi nyingi, na mkuu wa nchi ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Lilipokea kwenye meza ya mfalme, basi lilikosa sauti ya kumwambia mfalme. Kulikuwa pia na wengine wadogo. Vijana waliojazwa Roho Mtakatifu miaka ya sitini waliunda kanisa linaloitwa Mulu Wengel, yaani Injili Kamili. Waliomba usajili mwaka 1967 wakakataliwa, mikutano yao ikafungwa, na mwaka 1972 polisi waliwavamia wakiwa ibadani Addis Ababa wakawapeleka korokoroni kwa mamia. Hawa hawakuwa wanasiasa. Lakini serikali isiyoweza kuvumilia hata watu wanaoomba kwa sauti ilikuwa tayari imesema mengi kuhusu hofu yake.

Septemba 11, 1974 ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Ethiopia. Jioni ile televisheni ya taifa ilionyesha ile filamu ya Dimbleby, lakini wanajeshi walikuwa wameichanganya na picha nyingine: mtoto wa Wollo amebaki mifupa, kisha karamu ya ikulu, mama anazika, kisha mfalme anawalisha mbwa wake nyama. Ni ujanja wa kisiasa, sikatai. Hata hivyo picha zote zilikuwa za kweli. Asubuhi iliyofuata, Septemba 12, maafisa waliingia kasri wakasoma tangazo la kumwondoa. Mfalme wa wafalme akatolewa kwa gari dogo la Volkswagen, na waliokuwa barabarani wakampigia kelele za mwizi.

Wale waliofurahi hawakujua nani ameshika usukani. Novemba 23 Derg iliwaua bila kesi karibu wakuu 60, Aklilu na Endalkachew wakiwemo. Mfalme mwenyewe alikufa akiwa kizuizini Agosti 1975. Mulu Wengel hawakupata nafuu. Walifungiwa tena na hao waliosema wameleta uhuru. Hiyo ni habari ya somo jingine, na Mungu akitujalia tutaifikia tukifika kwa Yeroboamu, ambaye watu walimkimbilia kumkimbia Rehoboamu akawatengenezea ndama.

Ila tarehe moja naomba viongozi wa ushirika wa nyumbani waanze nayo wiki hii. Machi 4, 1975 Derg ilitangaza kwamba ardhi yote ya mashambani ni ya umma, na upangaji umekwisha. Addis Ababa watu walijaa barabarani kushangilia. Siku chache baadaye cheo chenyewe cha mfalme kikafutwa. Ule mswada wa wapangaji uliozungushwa bungeni miaka yote ile ulikuwa unaomba kidogo sana kuliko hicho: mkataba wa maandishi, kodi yenye kikomo, na kutofukuzwa ovyo. Someni 1 Wafalme 12 mstari wa 1 hadi 16, kisha mjadiliane: wenye ardhi waliokaa kwenye lile bunge walikuwa wanafikiri wanalinda nini?